Kutoka Nuru hadi Taa: Mwanga na Giza katika Riwaya Pendwa ya Kiswahili

Kila unapowadia msimu wa kusahihisha mitihani, mwandishi wa makala haya hukutana na sentensi moja katika karatasi za wanafunzi, nayo hubadilika maneno tu: kwamba katika riwaya fulani giza ni ishara ya uovu na ujinga, na nuru ni ishara ya wema na maarifa. Sentensi hiyo huandikwa bila kujali riwaya yenyewe ni ipi. Huandikwa juu ya Shaaban Robert, huandikwa juu ya Ben Mtobwa, na mwenye kuiandika hupata alama zake, maana ndivyo ilivyo katika miongozo aliyosomea. Si haki kumlaumu mwanafunzi. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, niliulizwa darasani giza lina maana gani kwa Waswahili, nikajibu "uovu" pasipo kusita, na wote waliokuwapo wakaridhika, kwa kuwa jibu langu lilifanana na lao. Ilinichukua muda kutambua kwamba kufanana huko ndiko kulikopaswa kunitia shaka.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mlinganyo huo, kwa sura tunayoufundisha, una tarehe yake na una njia uliyoingilia. Kwamba riwaya pendwa, ambayo wahakiki wetu wameizoea kuidharau, ndiyo iliyoufumua. Na kwamba katika kuufumua haikuleta jambo geni, bali ilirudi, pengine bila kujua, kwenye fikra kongwe ya pwani.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiingereza kina neno moja litumikalo kwa rangi ya ngozi, kwa usiku na kwa kutojua. Kiswahili hakifanyi hivyo. Mtu ni mweusi, usiku ni giza, au kiza kama wasemavyo Zanzibar. Lakini mtu hawi giza. Tunao "moyo mweusi", ni kweli, ila hata hapo kivumishi ni cha rangi na hakiugusi usiku. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba Mwafrika yumo gizani kwa kuwa ngozi yake ni nyeusi haingeweza kuzaliwa katika Kiswahili. Ilibidi itafsiriwe. Henry Morton Stanley aliliweka giza katika anwani za vitabu vyake viwili juu ya Afrika, cha 1878 na cha 1890, na "bara la giza" la Kiswahili ni mtoto wa anwani za namna hiyo. Pwani ilijua giza la upotovu, maana Kurani inasema waziwazi juu ya watu kutolewa gizani na kuingizwa katika nuru. Lakini huko nuru ni ya Mwenyezi Mungu, na giza ni la yeyote aliyepotoka, awe tajiri wa Pate au mvuvi wa Lamu. Halikuwa giza la taifa moja mbele ya nuru ya taifa jingine.

Upande wa pili wa jozi hii una utajiri zaidi, kwa sababu hauna neno moja bali matatu, na wahakiki huyachanganya. Nuru haiwashwi. Hakuna Mswahili asemaye "washa nuru". Nuru hushuka, hutoka usoni mwa mtu, huwa katika maulidi sifa ya Mtume, na katika Kurani ni jina la sura nzima, ya 24. Taa, kinyume chake, ni kitu: huwashwa, huzimwa, huibwa, huisha mafuta, na daima kuna aliyeishika na aliyeinunua. Kati ya hayo mawili limekaa neno mwanga, nalo halitulii. Kwani mwanga huu ni wa jua au wa kandili, lakini mwanga huyu, wa wingi wa wanga, ni mchawi atokaye usiku wa manane kwenda kuwanga. Sidai kwamba maneno hayo mawili yana asili moja. Sauti zikikutana si lazima ukoo uwe mmoja. Nasema tu kwamba msimulizi wa hadithi anayekaa ndani ya lugha hii hawezi kulitamka neno la mwangaza bila ya yule mwingine kupita nyuma ya nyumba.

Na taa nayo ina historia yake. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wenye umri wa kama miaka 200, majumba ya matajiri wa Pate yanaelezwa jinsi yalivyowashwa taa za fahari hata usiku wao ukawa kama mchana. Kisha matajiri wamekwenda, na darini wananing'inia popo. Hapo taa si maarifa wala si wema. Ni ghururi: ni mali inayojionyesha, na inayomfanya mwenye nayo asahau kwamba kuna usiku. Giza nalo halikuwa adui wakati wote. Sura ya 78 ya Kurani inauita usiku vazi, na methali yetu isemayo kwamba usiku ni libasi bora imechukua hata neno lenyewe. Basi kabla ya riwaya ya kwanza kuchapwa, Kiswahili kilikuwa tayari na mwanga unaodanganya na giza linalositiri. Msomaji aliweke hili moyoni, maana tutalihitaji mbele.

Mlinganyo wa miongozo uliingia kwa mlango wa shule. Mwaka 1929 ilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard ya 1885, iliyofanywa na Frederick Johnson, ambaye muda mfupi baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili. Hili si jambo dogo. Mkono uliosanifisha msamiati wetu ndio uliotuletea hadithi hii, na vizazi kadhaa vya watoto vilijifunza usomaji wa riwaya kwa vitabu vya namna hiyo. Sasa tazama jinsi mwanga na giza vinavyogawanywa humo. Waingereza watatu wamefika katika nchi isiyojulikana, na mmoja wao anajua kutoka katika almanaka kwamba kutakuwa na kupatwa. (Katika chapa ya kwanza ya Kiingereza lililopatwa lilikuwa jua, baadaye Haggard akabadili ukawa mwezi. Kwa hoja yetu ni mamoja.) Wenyeji wanashikwa na hofu, wageni wanalitumia giza hilo kama vile wanalimiliki. Ujuzi wa kitabu kilichochapwa umewafanya mabwana wa mbingu za watu wengine.

Lakini riwaya hiyo hiyo ina tukio jingine ambalo sijaona mhakiki wetu akilishughulikia ipasavyo. Bikizee Gagool anawafungia wageni hao ndani ya chumba cha hazina, jiwe kubwa linashuka, nao wanabaki gizani pamoja na almasi zisizohesabika na njiti chache za kibiriti zinazohesabika sana. Hapo almanaka haifai kitu. Wanaokoka kwa kuhisi pumzi ya hewa inayotoka sakafuni na kwa kupapasa mikono. Yaani hata katika kitabu kilicholeta mlinganyo, mlinganyo ulikuwa na ufa, na ningependa kujua watoto wa shule wa miaka ya 1930 walichekea lipi kati ya matukio hayo mawili.

Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, uliotoka mwaka 1934, umeandikwa na Mwafrika aliyekulia katika jamii ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa. Msuko wake ni wa mateso ya bara, kisha njia ya pwani, kisha ukombozi unaotokea baharini kwa meli za Kiingereza. Hata pale ambapo neno nuru halitajwi, umbo ni lile lile: mwanga unatoka nje, unaletwa, na anayeupokea hana budi kushukuru. Mbotela amelaumiwa sana kwa shukrani hizo. Nadhani tumemlaumu kupita kiasi, kwa kuwa ukoo wake ulikuwa na sababu za kushukuru ambazo wahakiki wake hawakuwa nazo. Hata hivyo ni kweli kwamba katika kitabu chake nuru ya Mungu na taa ya Mwingereza zimekuwa kitu kimoja, na huo ndio muungano ambao riwaya za baadaye zililazimika kuuvunja.

Shaaban Robert aliulegeza kidogo. Katika Kusadikika (1951) maarifa bado yanatoka mbali, lakini wanaoyafuata ni wajumbe wa nchi yenyewe, waliotumwa pande sita, na wanaporudi hupata kifungo badala ya ahsante. Kwa mwandishi huyo nuru inabaki nuru. Aliyekuja kuigeuza kuwa chombo ni Muhammed Said Abdulla.

Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya Zanzibar kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti, na riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, ikachapwa 1960. Mtu anakutwa amekufa mzimuni. Watu wanajua sababu, kwa kuwa mzimu ni mzimu. Bwana Msa hajui, na hiyo ndiyo sifa yake kuu: anakaa na kiko chake, anauliza, anapima, na mwishowe anaeleza. Imesemwa mara nyingi kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevikwa kanzu. Na iwe hivyo. Lakini mabadiliko ya ishara tunayoyachunguza yanaanzia hapa. Mwanga haukuja na meli. Umetengenezwa hapa hapa, barazani, na mtu mmoja mwenye jina la Kiswahili, tena bila hata kibiriti zaidi ya kile cha kuwashia tumbaku. Nuru ya zamani ilikuwa haina mmiliki wa kibinadamu. Huyu anauthibitisha mwanga wake kwa hoja, na msomaji anaweza kuukagua.

Hata hivyo tusimsifu kupita kipimo. Giza halikuondoka, lilihamishwa tu. Wale waliobaki gizani sasa ni wanakijiji wenye imani zao, na umbali kati ya Bwana Msa na wao unafanana mno na umbali kati ya wageni wa Haggard na wenyeji wao. Kisima cha Giningi (1968) kinadhihirisha jambo hilo kwa jina lake. Giningi, kama ajuavyo kila aliyelelewa Unguja au Pemba, ni makao ya wachawi katika imani za visiwani, mahali waendapo wanga. Abdulla analichukua jina hilo la kutisha na kulishusha hadi kwenye kisima ambamo mna uhalifu wa kibinadamu, wenye sababu za kibinadamu. Mwanga huu umemfukuza mwanga huyu. Mwandishi wa kizazi kile aliona hapo ushindi. Mimi naona pia hasara ndogo, maana wanga walikuwa wakieleza jambo juu ya chuki za majirani ambalo kiko cha Bwana Msa hakiwezi kulieleza lote.

Kisha ukaja mji. Umeme ulianza kusambazwa Mombasa na Nairobi mwaka 1908, na inafaa kuangalia Kiswahili kiliuitaje. Umeme ni radi ya mbinguni iliyoteremshwa kuwa waya. Stima, kama tusemavyo Kenya, ni jina la mashine iliyopewa kazi nyingine. Hakuna aliyeuita nuru. Wasemaji walitambua upesi kwamba mwanga huu ni wa kampuni, una bili, na hukatwa. Riwaya pendwa iliyochipuka baada ya uhuru ilichukua utambuzi huo wa wasemaji na kuujengea hadithi. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), aliuweka mauti ndani ya chombo cha kisasa kabisa cha nyumbani. Zikafuata Mwisho wa Mapenzi (1971) na Kwa Sababu ya Pesa (1972) za John Simbamwene, Ndoto ya Mwendawazimu (1972) ya Eddie Ganzel, na nyingine nyingi za karatasi hafifu na majalada ya rangi kali. Ulimwengu wa hadithi hizo ni wa mabaa, madansi, hoteli, magari na taa. Taa humo huita, hupamba, huuza. Kijana atokaye kijijini huzifuata kama kumbikumbi, na asubuhi hana fedha.

Wahakiki wengi wa miaka ya 1970, hasa waliotaka fasihi ilitumikie taifa, walizisoma kurasa hizo kama uigaji wa sinema za Kizungu. Uigaji ulikuwapo, hakuna haja ya kuukana. Lakini taa inayowaka juu ya baa ya Dar es Salaam na kumtia mtu ghururi ni mjukuu halali wa zile taa za Pate. Mtindo umeshuka, maadili ni yale yale: mwanga ni mali inayojionyesha, na mwenye kuutazama sana hauoni usiku uliouzunguka. Msomaji wa mambo haya naye, tusisahau, aghalabu hakuwa na umeme nyumbani. Alisoma juu ya taa za rangi kwa kibatari cha mafuta ya taa, kilichomwachia masizi puani, na sidhani kwamba alihitaji mhakiki wa kumweleza tofauti kati ya mwanga wa kuonea na mwanga wa kuonyeshea.

Mabadiliko ya giza yalifuata nyuma. Riwaya za Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974) hadi Kikosi cha Kisasi (1979) na zilizofuata, zilimleta Willy Gamba, mpelelezi wa Kiafrika anayefanya kazi dhidi ya maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kazi yake ni ya usiku. Kwa mpelelezi giza ni silaha, ni ukuta, ni njia ya kutorokea. Mwanga wa kurunzi unaomwangukia usoni ndio hatari. Mara ya kwanza katika nathari yetu ya kusomwa na wengi, Mwafrika yumo gizani kwa hiari, kwa maarifa, na kwa niaba ya haki. Libasi ya methali imevaliwa tena. Sisemi kwamba Musiba alikusudia kumjibu Haggard. Nasema kwamba mtoto aliyesoma Mashimo shuleni na Kufa na Kupona chini ya blanketi alikuwa amekwisha kupata jibu.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo lilinifanya niandike makala haya. Ben Mtobwa, aliyezaliwa Kigoma na kufariki mwaka 2008, alimpa shujaa wa mfululizo wa riwaya zake za upelelezi jina la Joram Kiango. Tumelisoma jina hilo kwa miaka mingi kama jina tu. Lakini kiango, kwa wanaolijua neno hilo, ni kinara cha kuwekea taa. Ndilo neno litumikalo katika Biblia ya Kiswahili, Mathayo sura ya 5, kwa kile kinachobeba taa isifichwe. Na mwanamke anayekuwa mwenzi wa Joram Kiango katika baadhi ya riwaya hizo anaitwa Nuru. Nuru na Kiango! Kama mwandishi alikusudia au hakukusudia hatuwezi tena kumwuliza, na si lazima. Maneno yamekwisha kukutana kwenye ukurasa. Nuru, ile isiyowashwa, iliyokuwa ya Mungu na kisha ya meli za Kiingereza, sasa ni mwanamke wa mjini, mwenye akili na uzuri, anayekimbizana na majambazi ubavuni mwa mtu ambaye jina lake ni samani ya nyumbani. Wanafanya kazi usiku. Anayetafuta wema upande wa mwanga na uovu upande wa giza katika vitabu hivyo atatoka mikono mitupu, kwa kuwa mashujaa ni mwanga wenyewe na giza ndilo maskani yao. Mtobwa huyo huyo aliandika pia Dar es Salaam Usiku (1990), na anwani hiyo haina giza ndani yake. Ina usiku tu: saa za watu kufanya kazi, kama saa nyingine, ingawa kazi zenyewe si za kuzungumzwa mbele ya wakwe.

Miaka miwili kabla yake, Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa tabaka jingine kabisa la fasihi, alikuwa ameita riwaya yake Kiza Katika Nuru (1988). Wahakiki waliisifu anwani hiyo kwa ugeni wake. Kwangu mimi si ngeni; ni riwaya pendwa iliyosemewa kwa lugha ya juu. Uzito wake upo katika neno la katikati. Kiza hakipigani na nuru, wala hakiizungukii. Kimo ndani yake, kama popo katika jumba la Pate.

Kwa Kenya, wanafunzi wetu wengi waliipata ishara hii kwa upole zaidi, kupitia Siku Njema ya Ken Walibora (1996), iliyosomwa shuleni hata ikawa riwaya pendwa kwa nguvu za wasomaji wenyewe. Kongowea Mswahili anafiwa na mama yake, anateswa na ndugu, anaondoka Tanga kwenda kumtafuta baba asiyemjua, hadi Kitale. Methali inayobebwa na anwani hiyo inajulikana na kila mtoto: siku njema huonekana asubuhi. Asubuhi ya Kongowea haikuonyesha chochote cha namna hiyo, na mwandishi ameiacha asubuhi hiyo nje ya jalada.